Doksisaiklini imenichoma kifua: niiache?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilikuwa na kidonda mguuni, kikatunga usaha na ngozi ya pembeni ikavimba. Nikaandikiwa antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) iitwayo doksisaiklini, kapsuli za miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7. Leo ni siku ya nne. Uvimbe umepungua sana, ila tangu jana nikimeza chochote, hata mate, naumwa katikati ya kifua kama kuna kitu kimekwama. Kapsuli ya usiku huwa naimeza nikishapanda kitandani. Natumia pia vidonge vya kuongeza damu. Kwa kuwa nimepata nafuu, naweza kuacha? Na zitakazobaki, naweza kumfungulia mwanangu wa miaka 6 mwenye mafua na kikohozi?

JIBU: Marahaba. Mimi ni mfamasia, si daktari, na nitaanza na pale ulipogusia kitanda, kwa sababu nadhani ndipo tatizo lilipo.

Ganda la kapsuli likilowa nusunusu hunata. Ukiimeza kwa funda moja la maji kisha ukalala, hakuna cha kuisukuma: mate hupungua usingizini na uzito wa mwili hausaidii tena. Kapsuli hubaki kwenye umio, ile njia ya chakula kati ya koo na tumbo, na huko hufunguka. Doksisaiklini ikiyeyuka katika majimaji kidogo huwa tindikali kali. Tumbo limeumbwa kuhimili tindikali, umio haukuumbwa hivyo, kwa hiyo unaungua na kufanya kidonda. Maumivu yanayokuja ghafla siku chache baada ya kuanza dawa hii, tena wakati wa kumeza, ndiyo picha yenyewe. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wanatafuta dawa ya kutuliza asidi, na kumbe baadhi ya hizo zinaharibu kazi ya antibiotiki. Nitarudi hapo.

Mpigie aliyekuandikia leo hii, kabla ya kapsuli inayofuata. Usiiache kimyakimya, kwa sababu mguu bado unahitaji tiba. Usiendelee kimyakimya pia, kwa sababu kila kapsuli inaweza kupita juu ya kidonda kilekile. Kwa kawaida mgonjwa hubadilishiwa antibiotiki au hupewa ya maji, na umio hupona wenyewe. Ukishindwa kumeza hata maji, ukitapika damu, au maumivu yakija bila kumeza na kuelekea mkononi au kwenye taya huku unatokwa na jasho, usipige simu ya kuuliza, nenda kitengo cha dharura. Choo cheusi nacho ni dalili ya damu. Vidonge vya kuongeza damu hutia choo weusi pia, lakini kikiwa laini, cha kunata kama lami na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, usikisie, kaangaliwe.

Ukiruhusiwa kuendelea na doksisaiklini, imeze ukiwa umekaa wima au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze kwa angalau nusu saa. Saa 1 asubuhi na saa 1 jioni inafaa kabisa. Chakula hakina shida nayo, tena hupunguza kichefuchefu.

Sasa vidonge vya kuongeza damu. Hivyo vina madini ya chuma, na chuma hushikamana na doksisaiklini tumboni kikatengeneza kitu ambacho mwili hauwezi kukifyonza. Unameza dawa, halafu unaitoa chooni. Kalsiamu, zinki na dawa za kutuliza asidi zenye magnesiamu au aluminiamu hufanya vivyo hivyo. Maziwa hupunguza ufyonzwaji wa doksisaiklini kwa takriban asilimia 20, ambayo si balaa, ila kwa nini ujipunguzie? Kwa vitu vingi kati ya hivyo, kuachanisha saa 2 hadi 3 kunatosha. Chuma ni kikaidi zaidi: sehemu ya doksisaiklini iliyokwisha ingia mwilini hurudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo, na chuma huikamata hukohuko. Muulize daktari kama unaweza kusimamisha vidonge hivyo hadi dozi iishe.

Lakini kuna jambo limenishtua zaidi. Wengi wanaopewa vidonge vya kuongeza damu ni wajawazito, na hukutaja. Kama una ujauzito au unahisi unao, mwambie daktari leo, maana kuanzia mwezi wa nne hivi dawa hii inaweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto tumboni. Huenda hakuuliza, nawe hukuona sababu ya kusema. Hutokea kila siku.

Kuhusu kuacha kwa sababu ya nafuu: siku 7 ulizopewa zimepangwa kwa maambukizi yako, na uvimbe hupungua kabla bakteria hawajaisha. Simaanishi kwamba dozi ndefu ni bora kila wakati. Maambukizi mengi sasa hutibiwa kwa siku chache kuliko zamani, kwa kuwa kila siku ya antibiotiki huwapiga pia bakteria wasio na hatia walioko tumboni na kwenye ngozi, na wanaosalia ni wale sugu. Ila uamuzi wa kufupisha ni wa aliyekuona mguu. Ukisahau kapsuli, meza ukikumbuka. Ikiwa muda wa inayofuata umekaribia, iruke. Usimeze mbili pamoja.

Mwanao, hapana. Mafua husababishwa na virusi, ambavyo doksisaiklini haivigusi. Kwa watoto walio chini ya miaka 8 hutolewa pale tu daktari anapoona inalazimu, kwa sababu dawa za kundi hili zinaweza kutia meno yanayokua madoa ya kudumu. Na huo unga ukiumwaga mdomoni mwake ni tindikali ileile iliyokuchoma wewe. Zikibaki, zirudishe kwenye duka la dawa. Usizihifadhi: mwaka 1963 ziliripotiwa kesi za watu walioharibika figo baada ya kumeza tetrasaiklini, ndugu wa dawa yako, iliyokuwa imeoza kwa kukaa.

Ukitoka nje vaa mikono mirefu, ngozi huungua na jua haraka unapoitumia. Na ukimpigia daktari, anza na kifua, kisha ujauzito, kisha vidonge vya damu, kwa mpangilio huo.