Kompyuta 22, diski nzima 9: nilivyojifunza kubutisha Linux kwa kebo ya mtandao

Kuna sekondari moja huku Morogoro mwalimu wa kompyuta alinipigia simu akasema fundi njoo utuangalizie hizi mashine maana mitihani iko karibu. Nafika nakuta mashine za mezani 22, mitumba ya maofisini, na zinazowaka mpaka mwisho ni 9 tu. Zingine zote hard disk zimekufa, ukiwasha unasikia tu kale kamlio ka tik tik tik. Mwalimu alishapiga hesabu ya kununua diski 13 na hela haipo.

Nikamwambia mwalimu, hizi mashine mbona nzima. RAM zina GB 4, kadi ya mtandao ipo, kebo zishavutwa mpaka kwenye swichi. Tunatafuta mashine moja yenye nguvu kidogo inakuwa seva, zingine zote zinavuta Linux, yani mfumo endeshi, kutoka kwenye hiyo seva kila zikiwashwa, diski hazihitaji kabisa. Akaniangalia kama namuuzia maji ya upako. Nikasema kwa mdomo mpana kabisa nipe siku moja. Zikaenda siku nne, ndo maana naandika hii, ili wewe ikuchukue hiyo moja.

Kitu ambacho ningeambiwa mapema kingeniokoa siku mbili nzima ni hiki: mashine inayobuti (inayowaka na kupakia mfumo) kwa mtandao haiombi anwani ya IP, yani namba yake ya kwenye mtandao, mara moja, inaomba mara tatu, na kila mara anayeomba ni mtu mwingine. Kwanza inaomba kadi ya mtandao yenyewe kwa kile kiprogramu chake cha PXE kilichomo ndani. Halafu inaomba iPXE, yani kibutishaji ambacho PXE imekipakua. Halafu keneli ya Linux (kiini cha mfumo) ikishapanda na initrd yake (kifurushi cha vitu vya kuanzia) nayo inaanza upyaa, inatafuta draiva yake yenyewe ya kadi na inaomba anwani tena kama vile hakuna aliyewahi kuomba. Kwa hiyo unaweza kukuta mashine imevuta keneli vizuri kabisa halafu inakwama inasema haioni mtandao, na wewe unakuna kichwa, mtandao si ndo umetoka kuutumia sekunde mbili zilizopita? Uliutumia ndio, ila kwa draiva ya mwingine. Ikikwama usianze kubadilisha kila kitu. Angalia skrini ujue imekwama kwa nani.

Sasa kosa langu la kwanza, na ni la aibu. Niliweka DHCP kamili, yani huduma ya kugawa anwani za IP, kwenye seva wakati rauta ya shule nayo inagawa anwani. Dakika kumi hazijaisha mhasibu kaja mlangoni, intaneti haipo. Mkuu wa shule naye simu yake haipandi WhatsApp. Kumbe seva yangu ilikuwa inawahi kujibu kabla ya rauta, inawapa watu anwani na geti la kutokea ambalo haliendi popote. Nikachomoa kebo haraka nikajifanya na mimi nashangaa.

Dawa yake ni kutumia dnsmasq, kiprogramu cha huduma za DHCP na DNS, kama proksi. Yani rauta iendelee kugawa anwani kama kawaida, seva yako inaongezea tu neno moja, "faili la kubutia liko kwangu". Huigusi rauta wala huhitaji nywila yake, ambayo kwa shule nyingi aliyeiweka alishahama. Konfigi yangu nzima ni hii:

port=0
log-dhcp
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
pxe-service=x86PC,"Buti",undionly.kpxe
pxe-service=X86-64_EFI,"Buti",ipxe.efi

Hiyo port=0 inazima upande wa DNS (wa kutafsiri majina kuwa namba za IP), hatuuhitaji. log-dhcp usiiache, inaandika kila ombi linalofika, ndo macho yako. Mistari miwili ya mwisho ni kwa sababu mashine za zamani za BIOS na hizi za UEFI (hizo ni programu za ndani zinazoamka kwanza) hazili faili moja, ukiipa ya UEFI lile la BIOS inalikataa tu inarudi kwenye menyu yake.

Halafu kuna mduara. PXE inapakua iPXE, iPXE inaomba anwani, seva inaijibu vilevile "pakua iPXE", inapakua tena, inaomba tena, mpaka asubuhi. Nilikaa naangalia skrini inajirudia nikadhani ni mashine mbovu. Kuna njia za kuandika kwenye dnsmasq iitambue iPXE na kuipa jibu tofauti, zinafanya kazi, ila mimi nimeona rahisi ni kuikompaili iPXE mwenyewe ukiwa umeshaipachikia skripti ndani kwa EMBED. Skripti yenyewe mistari mitatu: #!ipxe, halafu dhcp, halafu chain http://192.168.1.10/menyu.ipxe. Basi. Haiulizi mtu, inajua inaenda wapi.

Umeona hapo nimetumia http. TFTP, njia ya kutuma faili kwenye mtandao, itumie kwa kile kifaili kidogo cha mwanzo tu. Ni itifaki ya zamani sana, kwa kawaida inatuma vipande vya baiti 512 halafu inasubiri ijibiwe ndo itume kingine, ukiitumia kuvuta initrd ya MB 60 na kitu unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Weka seva ya wavuti, nginx au Apache yoyote, faili zote kubwa zipite huko.

Menyu yangu ya Debian live (Linux inayoendeshwa bila kuwekwa kwenye diski) ilikuwa inaita keneli na initrd kutoka kwenye folda ya live ya ISO (faili la picha ya diski ya Debian), na mwisho wa mstari wa keneli kuna boot=live na fetch= ikifuatiwa na anwani ya filesystem.squashfs, faili lililobanwa lenye mfumo mzima. Andika namba ya IP, usiandike jina, pale ndani ya initrd usitegemee kwamba DNS ipo. Na kwa mashine za UEFI ongeza initrd=initrd.img kwenye mstari wa keneli, usiposema hivyo keneli inapanda peke yake bila initrd inakufa na kernel panic, unknown-block(0,0). Hii ilinila jioni nzima kwa sababu kwenye BIOS menyu ileile ilikuwa inapanda bila shida. Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi, nayo niliizima, iPXE uliyoikompaili mwenyewe haina sahihi.

Mashine moja ikapanda. Chumba kizima wakapiga makofi, mwalimu akaita wenzake. Nikasema haya washeni zote. Mungu wangu. Zote 22 zikakaa kwenye mstari mmoja wa maandishi, dakika tano, kumi, ishirini. Wanafunzi wakaanza kuniangalia kwa huruma.

Piga hesabu na mimi. Hiyo squashfs ina karibu GB 2.5 na fetch inavuta yote nzima kwenda kwenye RAM. Mara 22 ni GB 55, na zote zinatoka kwenye tundu moja la seva. Swichi ilikuwa ya gigabiti na kadi ya seva pia gigabiti, yani kama MB 110 kwa sekunde, ilitakiwa dakika tisa hivi. Nikapiga ethtool, amri ya kuonyesha kasi ya kadi, kwenye seva: Speed: 100Mb/s. Sio gigabiti. Hapo unapata MB 11 kwa sekunde, GB 55 zinakula saa moja na dakika ishirini na ushee.

Nikachomoa kebo ya seva nikaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. Ile plagi ya RJ45 ina nyaya nane, nikaona ya bluu haijafika mbele kwenye meno, imeishia katikati. Gigabiti inataka jozi zote nne, ya megabiti 100 inaridhika na jozi mbili, kwa hiyo kadi na swichi vikiona jozi moja mbovu vinakubaliana kimyakimya kushuka. Hakuna taa nyekundu wala meseji. Na aliyekata hiyo kebo ni mimi mwenyewe, siku ya kwanza, kwa haraka. Nikakata upya nikabana upya, ethtool ikasema 1000, kweli dakika tisa zikawa kumi na zote zimepanda.

Ila fetch bado haikuwa jibu, RAM ya GB 4 ukishaijaza GB 2.5 za mfumo inabaki nini? Mwanafunzi akifungua Firefox tabu mbili mashine inaganda. Nikahamia NFS, njia ya kushirikisha folda kupitia mtandao. Seva inaiweka wazi folda yote ya ISO kwa kusoma tu, na menyu inaandikwa netboot=nfs na nfsroot= badala ya fetch. Sasa mashine inavuta kile inachohitaji tu muda inapokihitaji. Kupanda ikawa chini ya dakika mbili na RAM ikabaki ya kutosha. Ubaya wake, seva ikizima zote 22 zinaganda palepale, wakati kwa fetch zingeendelea. Chagua shida yako. Mimi seva niliipa UPS ndogo, na swichi pia, watu wanasahau swichi.

Jambo lingine sikulifikiria hadi lilipoumiza mtu. Live maana yake ukizima kila kitu kinapotea, nilisema, niliandika na kibandiko ukutani. Wiki ya kwanza mwalimu wa jiografia kachapa mtihani wa Form Two asubuhi nzima, saa sita umeme ukakatika. UPS iliokoa seva, mashine yake haikuwa na UPS. Alipowasha ikapanda safi kabisa kama haijawahi kutumika, na kweli ilikuwa hivyo. Sijawahi kuona mtu amekaa kimya vile. Jioni ile ile niliweka folda ya Samba (inayofunguliwa kupitia mtandao) kwenye seva na ikoni yake kubwa kwenye desktopu, imeandikwa HIFADHI HAPA. Kama unatengeneza leo, hiyo folda iweke kabla hujamruhusu mtu yeyote kukaa.

Zilizobaki zinanisumbua mashine sita. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi zinaamka zimesahau kwamba zinatakiwa kubuti kwa mtandao, zinatafuta diski ambayo haipo, na mwalimu ananipigia. Nilidhani ni seva. Nikaangalia log-dhcp, hizo sita hazijaomba chochote, kwa hiyo tatizo liko kabla hata ya PXE. Ni betri ya CMOS inayotunza mipangilio ya mashine, ile ya duara ya CR2032, zimekufa zote kwa uzee. Jumamosi napeleka sita mpya na bisibisi.