Swali la lugha: "Nina kupenda" ina kosa gani?

Msomaji wa Mwanza anayejifunza Kihispania ananiuliza: Wahispania huandika "te amo", yaani ninakupenda, kwa maneno mawili, lakini "dámelo", yaani nipe hicho, ni neno moja. Basi sisi tukiandika "nina kupenda" tumekosea nini?

Mmekosea sana, na kosa hili linanikera kila nikilikuta kwenye ujumbe wa simu, mabango ya maduka na hata kadi za harusi. "Nina" ikisimama peke yake ni ya kumiliki: nina kitabu, nina njaa, nina haraka. Ukiandika "nina kupenda", umemwambia mtu kwamba unacho kitu kiitwacho kupenda, na yeye mwenyewe hayumo. Ile "ku" iliyokuwa yeye imegeuka "ku" ya kupika na kufua. Andika "ninakupenda", yumo tena.

Hiyo "te" ya Kihispania ni kiwakilishi kilichoishiwa nguvu. Hakisimami bila kitenzi, ila bado kinahama. "Quiero verte" na "te quiero ver" zote ni nataka kukuona. Hebu hamisha cha kwetu useme "nakutaka kuona". Umeharibu! Mhispania akiamrisha hukipeleka nyuma, "dame", nipe. Akikataza hukirudisha mbele, "no me des", usinipe. Hupanga hata viwili pamoja, "me lo das", unanipa hicho, na "le", ya yeye anayepewa, ikikutana na "lo", ya hicho, sharti igeuke: "se lo das", unampa hicho. Asili ya "le" na "lo" ni kionyeshi cha Kilatini, "ille", yaani yule, na maneno yaliyowahi kujitegemea hayasahau upesi kutembea.

Kiambishi chetu cha mtendwa, kama ile "ku" ya "ninakupenda", hakitembei. Kimekaa mbele ya mzizi, kimoja tu, ndiyo maana tunasema "unanipa kitabu" na hakuna asemaye "unakinipa". Tena kinaamuru sehemu nyingine za kitenzi. Tunasema "soma!", lakini "kisome!", irabu ya mwisho imebadilika. Tunasema "nimekula", lakini "nimekila", "ku" imeondoka kuipisha "ki". Kinachofanya hayo yote ndani ya neno ni kiungo cha neno hilo, na hakitengwi kwa nafasi.

Anayeniandikia "nita kupigia" akiwa mbioni kuwahi daladala namvumilia. Kwenye kadi ya harusi, iliyopitiwa na kamati nzima kabla ya kuchapwa, simvumilii.