Usigawanye vifo vya hospitali kwa wakazi wa wilaya

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unachukua vifo vyote vya rejesta ya hospitali ya wilaya, unavigawanya kwa idadi ya wakazi, kisha unachora grafu ya vizazi, ndoa na vifo vya miaka kumi. Usithubutu! Mimi nilifanya hivyo na roho inaniuma hadi leo.

Hospitali kubwa hupokea wagonjwa wa wilaya jirani. Wakifia wodini wanaandikwa kwako, ila kwenye idadi ya wakazi wako hawamo. Tuseme una wakazi 50,000 na vifo 600: hapo ni vifo 12 kwa kila watu 1,000. Toa 250 waliotoka nje, rudisha 50 wa kwako waliofia kwingine. Vinabaki 400, yaani 8 kwa 1,000. Wilaya ile ile!

Ripoti yangu ilionyesha tunateketea. Watu wakaanza kuogopa maji ya kunywa. Jirani zetu wasio na hospitali wakaonekana hafi mtu kwao, na wakunga wa nyongeza waliokuwa waende huko wakaletwa kwetu. Akina mama wao walikuwa wanafia kwetu, mkuu, na kwao hakuna aliyewahesabu.

Na bosi wangu nilimuuliza kabla! Rejesta ilikuwa na safu mbili, "mahali pa kifo" na "makazi ya marehemu". Nikamwonyesha ile ya pili: ukurasa mzima, karani kaandika wilaya jirani mstari wa juu, kisha vialama vya kurudia hadi chini. Hakuinua hata kichwa. "Kifo ni kifo, jumlisha." Mtu mzoefu, nikamwamini. Lawama zilipokuja, jina kwenye ripoti lilikuwa langu peke yangu.

Hesabu kwa makazi, si kwa mahali tukio lilipotokea. Kifo kinafuata makazi ya marehemu, kizazi kinafuata makazi ya mama hata kama alijifungulia wilaya nyingine, na mtoto mchanga akifariki anafuata makazi ya mama yake. Safu ikiwa tupu, fungua jalada la mgonjwa, utafute anwani kwenye fomu ya kulazwa. Nililazimika kuyapitia jalada moja moja wakati madhara yameshatokea.

Grafu iache kwanza. Kesho ukifika ofisini, fungua rejesta, hesabu wangapi si wa wilaya yako, kisha rudi hapa uniambie.