Kama unameza dawa za kifafa, usingoje ukose siku zako

Hili kovu la mkono wa kushoto ni la jiko la mkaa. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole mnaijua, na nilikuwa na mimba ya wiki tisa. Siku nne kabla, mama mkwe aliona vidonge vyangu akasema, "Mwanangu, hayo madawa yatamlemaza mtoto." Sikumbishia. Nikavificha chini ya godoro, nikaacha kumeza. Nilianguka nikikoroga uji. Nazinduka, shemeji ananimwagia maji mkononi.

Kwa sehemu mama alikuwa sahihi. Nilikuwa natumia valproeti, na wanaoimeza mwanzoni mwa mimba, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, kama 10 huwa na kasoro kubwa, mgongo wazi ukiwamo. Kwa wanawake wengine ni 2 au 3. Lakini mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga siku ya 28 hivi tangu mimba itunge, wakati wengi wetu bado tunahesabu vidole kama tumechelewa au la. Kwa upande wa mgongo nilishachelewa. Nilichojipatia ni kuanguka kifafa tu, na kifafa nacho kinaweza kuua mama na mtoto.

Yule mtoto alizaliwa mzima, Mungu mkubwa. Bado namfuatilia anavyojifunza, maana dawa ile huweza kugusa hata akili.

Kwa mimba ya pili nilienda hospitali nikiwa bado kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Nikamwambia daktari nataka mtoto. Akanihamishia lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, kidogokidogo, kazi ya miezi, na kuniandikia asidi ya foliki, vitamini inayosaidia ule mrija kujifunga, miligramu 5 kwa siku. Asiye na kifafa kwa kawaida hutosheka na 0.4, ila naye aanze kabla ya kushika mimba. Vile vidonge vya foliki vya kliniki wengi huvipata mimba ishakua. Na sisi tunaosaga mahindi yetu kwenye mashine ya mtaani, ile foliki inayowekwa kwenye unga wa viwandani hatuionji.

Duka la dawa pia, hata ukiwa na UTI tu, taja tarehe ya hedhi yako ya mwisho kabla hujatoa hela, maana unaweza kuwa na mimba bila kujua. Najua foleni ina wanaume. Itaje tu.

Siku hizi saa mbili usiku mama mkwe hugonga mlango: "Umemeza?"