Wali upimwe mbichi au uliokwisha iva?

Dada yangu, umeuliza kwa nini programu ya simu inakupa kalori 360 kwa gramu 100 za mchele, na 130 tu kwa gramu 100 za wali. Zote mbili ni sahihi. Mchele hunywa maji na uzito wake hufika karibu mara tatu, na maji hayana kalori. Kosa ni kupima wali kisha ukaandika "mchele".

Mimi nakushauri upime vitu vikiwa vibichi. Wali wako ni wa nazi, na ile 130 ni ya wali uliopikwa kwa maji matupu. Tui zito lina kalori 200 au zaidi kwa gramu 100, kwa hiyo nalo lipime.

Kwa kuwa mnapika chungu kimoja cha nyumba nzima, fanya hivi: pima sufuria tupu, andika. Wali ukiiva, pima tena na sufuria yake, utoe ule uzito wa mwanzo. Tuseme mchele ulikuwa kilo 1 na wali umetoka kilo 3. Ukijipakulia gramu 300, umekula sehemu ya kumi: kalori 360 za mchele, na sehemu ya kumi ya tui. Jipakulie kabla ya wali kumiminwa kwenye sinia. Mkishaanza kula pamoja huwezi kujua tena.

Samaki na nyama hupoteza maji motoni. Pweza ndiyo kabisa, hunywea sana, basi mpime mbichi. Na mafuta ya kukaangia usiyasahau, kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120.