Anza na Sikio: Nilivyojifunza Kifaransa Mtandaoni

Kwa miezi minane sikukosa hata siku moja kufungua programu ya lugha kwenye simu. Nagusa jibu, napewa alama, napanda ngazi. Siku nilipoongea na Mfaransa kwa mara ya kwanza, akanitajia nambari moja tu, quatre-vingt-dix-sept, nikakwama. Kwa maandishi ningeijua: nne mara ishirini, ongeza kumi na saba, yaani 97. Sikioni ilipita kama upepo.

Sisi waongeaji wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Lugha yetu husomwa jinsi ilivyoandikwa, kwa hiyo tunaziamini herufi. Kifaransa sivyo. Il parle na ils parlent, yaani anaongea na wanaongea, hutamkwa sawasawa. Ukijifunza kwa kukodolea kioo cha simu, utazoea kutegemea tofauti ambayo masikio hayatakuletea.

Nikageuza utaratibu: sauti kwanza, maandishi baadaye. Redio ya RFI ina taarifa ya habari iitwayo Journal en français facile, dakika 10, pamoja na maandishi yake. Wanaojifunza Kijerumani wana taarifa za Deutsche Welle zinazosomwa polepole. Mara ya kwanza nasikiliza tu. Mara ya pili nasimamisha kila sentensi na kuiandika, ndipo nafungua maandishi yao na kujisahihisha. Mwanzoni dakika moja ya sauti ilinila nusu saa, na inachosha kweli, kwa hiyo usijilazimishe kumaliza taarifa nzima. Kisha najirekodi nikisoma sentensi zilezile na kujilinganisha na mtangazaji. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tu, wewe, na tout, yote, vilikuwa neno moja mdomoni mwangu.

Sentensi nilizokosea naziingiza kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri inayokurudishia kadi baada ya muda unaozidi kurefuka kadiri unavyoikumbuka. Upande wa mbele naweka sauti pekee. Kadi nilizopakua za watu wengine hazikunikaa kichwani. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha. Ukiweka 50, marudio yatakulemea upesi.

Google Translate usiiachie ikuandikie. Ipe neno "amefika" peke yake: Kiswahili hakisemi kama ni mwanamke au mwanamume, Kifaransa lazima kichague kati ya il na elle, na mashine haina pa kujulia. Andika kwanza mwenyewe, halafu linganisha.

Na usingoje miezi minane kama mimi ndipo uongee na mtu. Nilimpata mtandaoni Mfaransa anayejifunza Kiswahili. Kila wiki tunapigiana simu ya video, robo saa kwa lugha yake, robo saa kwa yangu. Yeye anahangaika na ngeli. Mimi namwomba anisomee nambari za kubuni, harakaharaka, nami naziandika, kisha namsomea nilichoandika mpaka aseme ndiyo.