Ruta ya laki mbili kwa kazi ndogo ndogo: ulizia kaboni kwanza, mashine baadaye

Mkuu, mwangaluka. Swali lako la kununua ruta, ile mashine ya umeme ya kuchimbia mifereji na kupamba kingo za mbao, nimelisoma jana usiku nikiwa naelekea kulala, nikaona nilijibu kwa urefu, maana hicho unachotaka kukifanya nilishakifanya na pesa yangu ikaungulia humo mara mbili. Umesema uko Nyegezi, hapahapa Mwanza, mchana una kazi yako nyingine, useremala ni wa jioni na Jumamosi: makabati ya jikoni ya MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi), fremu za picha, milango miwili mitatu kwa mwezi. Mfukoni una laki mbili. Mwenye duka mmoja mjini amekuambia chukua ile kubwa ya wati 2,200, "ina nguvu, hutajuta". Rafiki yako anakuambia chukua ile ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ambayo wengi tunaiita trima. Unauliza ipi itadumu.

Chukua ndogo. Ila kabla hujatoa pesa, uliza kama duka hilo, au lolote la mtaa ule, linauza kaboni zake (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye mota na kulika taratibu) na koleti yake (kishikio kinachobana biti, yaani kile kisu kinachozunguka). Wakisema hawana, hata wakupunguzie bei nusu, aga kwa heshima uondoke.

Ruta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa Japani. Nzito, chuma kitupu, rangi ya kijani imekwaruzika, ukiishika unaona kabisa hiki kitu kilitengenezwa na watu wasio na haraka. Jamaa aliyeniuzia aliiwasha mbele yangu, ikazunguka kwa utulivu kama cherehani. Nikalipa, nikapanda nayo daladala hadi Buhongwa, nikaichomeka ukutani. Sekunde mbili tatu za kwanza nilifurahi, maana ililia kwa sauti kali kuliko nilivyoisikia pale. Kisha kwenye matundu ya hewa nikaona mwanga wa bluu umejizungusha kama pete, na harufu ikafuata, ile ya varnishi ya koili inayoungua. Nikachomoa waya huku mikono inatetemeka. Nilipoigeuza nikasoma kibandiko ambacho nilipaswa kukisoma kabla ya kulipa: 100V. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Pale kwa muuzaji ilikuwa inapita kwenye kitransfoma cha kushusha umeme kilichokaa chini ya meza, nami sikuinama kuangalia.

Nikaipeleka kwa fundi wa mota Igoma. Akaifungua, akaitoa amecha (kile kiini cha mota kinachozunguka), akanionyesha bila kusema neno: nyaya zote zimekuwa rangi ya kahawa chungu. Kuisuka upya kungekula karibu bei ya mashine mpya. Bado ninayo, inashikilia mlango wa stoo usifungwe na upepo. Kwa hiyo mtumba wa Japani au wa Marekani (kule ni 120) uuache, isipokuwa uwe tayari kununua na transfoma ya kuibeba.

Nikarukia upande wa pili. Nikanunua mpya, kubwa, ya kubonyeza kwa mikono miwili, koleti ya nusu inchi. Maneno niliyoambiwa ni yaleyale uliyoambiwa wewe, ina nguvu. Nguvu ilikuwepo kweli. Lakini mashine ya namna hiyo ina uzito wa kilo tano hadi sita, na kazi yangu nyingi ilikuwa kuchimba nafasi za bawaba kwenye ubavu wa mlango. Ubavu wa mlango una upana wa milimita 40 hivi. Jaribu kuisimamisha mashine ya kilo sita juu ya ukingo wa milimita 40, ivute kushoto na kulia, halafu uniambie bawaba yako imekaaje. Na nafasi ya bawaba ina kina cha milimita mbili au tatu tu! Wati 2,200 za kukwangua milimita tatu.

Hilo ningelivumilia. Kilichonimaliza ni koleti, na hapa naomba usome polepole, maana mwenye duka hatakuambia.

Mashine ilikuja na bushi ya kupunguzia tundu ili ishike biti za shina jembamba. Bushi ile ilikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Biti nilizonunua mjini zilikuwa za milimita 6 kamili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Unaiingiza biti, unakaza nati kwa spana, inakaa, ukiivuta kwa vidole haitoki. Nilikuwa na meza ya mninga ya mteja wa Pasiansi, alitaka mfereji kuzunguka juu ili nipachike ukanda mweupe wa mapambo. Kina milimita 5. Nikaweka ubao wa kuongozea, nikaanza. Nusu ya urefu nikahisi mashine imekuwa nzito mkononi, nikadhani ni fundo la mti. Nikasukuma. Moshi kidogo, harufu ya mninga unaoungua, ambayo kwa kweli ni nzuri, karibu unaisamehe. Nilipozima nikashusha rula kwenye mfereji. Mwanzo milimita 5, katikati 8, mwisho 13. Biti ilikuwa inajichomoa kwenye koleti taratibu na kujizamisha kwenye mbao, nami naisukuma mbele. Ubao ulikuwa wa unene wa milimita 22. Nilimnunulia mteja ubao mwingine, na mninga unaujua bei yake tangu utoke huko Tabora na Katavi hadi ufike hapa.

Ile tofauti ya milimita 0.35 ndiyo iliyonigharimu meza. Kwa hiyo ukiwa dukani nenda na biti ile utakayoitumia. Soma kwenye koleti imeandikwa 6 au 6.35 au 1/4, na soma kwenye shina la biti pia. Visipolingana usikubali "itakaa tu". Hata vikilingana, shina liingie angalau milimita 20, likigonga chini lirudishe nyuma milimita mbili ndipo ukaze. Koleti nayo isafishe, hasa ukifanya kazi na paini. Utomvu wa paini unajenga gamba ndani ya koleti, inashika juu tu na ndani inateleza.

Sasa kuhusu wati. Namba ile kwenye kibandiko inaeleza umeme unaoingia. Haisemi ni kiasi gani kinafika kwenye biti. Ya wati 550 inavuta kama ampea mbili na nusu, ya 2,200 inakaribia kumi. Wewe unafanya kazi jioni, wakati mtaa mzima umewasha pasi na majiko, umeme umeshuka, na wengi wetu tunavuta umeme kutoka sebuleni kwa ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Mashine kubwa kwenye waya wa namna hiyo inapumua kwa shida, mota inachemka, na ekstensheni ukiishika ina joto kama chupa ya chai. Nunua waya wa milimita za mraba 2.5 uutengeneze mwenyewe, mfupi kadiri unavyoweza, na kama umeukunja kwenye roli ukunjue wote. Nina ndugu yangu Ukerewe anayetumia jenereta ndogo ya kilowati moja siku umeme ukikatika. Trima inazunguka vizuri tu. Alipoazima ile kubwa yangu, jenereta ilikohoa ikazima kabla biti haijagusa mbao.

Majina umeyauliza, nayataja kwa kifupi. Makita 3709 ni wati 530, mizunguko 30,000 kwa dakika, kilo moja na nusu. Bosch GKF 550 ni wati 550, mizunguko 33,000. Zote mbili mwendo wake ni mmoja, haupunguzwi. Kwa laki mbili utazipata kwa bahati au utapata za kughushi, na za kughushi zipo: kibandiko kimekaa upande, maandishi yamefifia, namba ya mashine haifanani na ya boksi. Zile za INGCO na Total ndizo utakazokutana nazo kila duka la vifaa, na kwa kazi ya jioni na Jumamosi mimi sina ugomvi nazo. Ukipata yenye kirungu cha kupunguza mwendo, ongeza hela kidogo uichukue. Biti nyembamba inataka mwendo mkali, biti pana inataka upole: ya kipenyo cha milimita 50 ukiizungusha 30,000, ncha yake inakwenda karibu mita 80 kwa sekunde, na hapo hakuna aliye salama chumbani. Kwa trima usivuke biti ya milimita 25, basi.

Ukiwa kaunta, fanya hivi na usione aibu, hata foleni ikikusonya. Ng'oa kifuniko cha plastiki, shika koleti kwa vidole, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi imeshakufa au haikuwahi kuwa hai. Izungushe kwa mkono, iwe laini bila kukwaruza. Mwambie aiwashe dakika tano nzima. Mimi mmoja aliniambia namalizia LUKU yake, nikampa mia tano tukaendelea. Sikiliza: mlio uwe mmoja, usipande na kushuka. Chungulia matundu ya hewa, cheche ndogo fupi ni kawaida kwa kaboni mpya, pete ya bluu unajua sasa maana yake. Halafu tafuta vile vifuniko viwili vya kaboni ubavuni, vyenye mfereji wa bisibisi. Vikiwa nje, utabadilisha kaboni mwenyewe kwa dakika mbili. Kama vimefichwa ndani na inabidi ufungue mwili mzima, iache. Kaboni ndiyo inayokufa kwanza kwenye mashine hizi, na watu wengi wanatupa mashine nzima kumbe imemaliza vipande viwili vya kaboni vyenye ukubwa wa jino. Nunua jozi mbili palepale, uziweke kwenye boksi la mashine. Zikibaki milimita tano badilisha, usisubiri ianze kukatakata.

Mwisho kaza kitako, lile bamba la chini linalokaa juu ya mbao, kwenye kina fulani, kisha kisukume kwa kidole gumba kwa nguvu. Kikiteleza hata kidogo, kitateleza na kwenye MDF.

Mwelekeo wa kusukuma hukuuliza, lakini ndio unaowatisha wanaoanza. Biti inazunguka kufuata mwendo wa saa ukiitazama kwa juu. Ukipiga ukingo wa nje wa ubao, zunguka kinyume cha saa, yaani ubao uwe kushoto kwako unaposukuma mbele. Ndani ya tundu zunguka kufuata saa, ukingo unaokatwa ubaki kushoto kwako vilevile. Ukikosea, mashine inakimbia yenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Anza na pande zilizokatwa kichwa cha mbao (zile zinazokatisha nyuzi), malizia na za urefu, ili kipande kikimeguka kwenye kona upande unaofuata ukifute. Usichimbe zaidi ya milimita tatu kwa mara moja. Ngazi ya kioo (ile hatua inayochimbwa kwenye ukingo ili kioo kikae) ya milimita 10 kwenye fremu inataka kupita mara nne, na hiyo ndiyo sababu trima inatosha: unailipa kwa muda badala ya wati. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la MDF lina gundi ndani yake, si la kuchezea.

Na kama utapaka varnishi jioni hiyohiyo chini ya taa, angalia kwanza ziwani. Wale wadudu wa ziwa wakija wanakuja kama moshi, nina kabati moja huku Buhongwa lina wadudu kumi na tisa chini ya varnishi. Mteja alilikataa, mke wangu analipenda.

Biti: lile boksi la vipande 12 au 15 unaloliona linang'aa usilichukue. Utatumia vinne na vingine vitapata kutu na huu unyevu wetu. Nunua kimoja kimoja, chenye ncha ya kabaidi (ile ngumu kuliko chuma), maana gundi ya MDF inaimaliza ile ya chuma cha kawaida kwa kabati moja. Anza na iliyonyooka ya milimita 6 kwa mifereji na bawaba, ya kufuatisha yenye beringi ndogo mwishoni kwa kusawazisha kingo, na ya kuviringisha kingo yenye nusu kipenyo cha milimita 6. Ya nne ni ya kukatia ngazi ya kioo, na hiyo subiri hadi upate oda ya kwanza ya fremu. Ukipata muda Jumamosi pita Buhongwa na biti zako, koleti yangu ya sasa ni ya 6 kamili, tuzijaribu kwenye kipande cha paini kabla hujanunua mashine.